Ufundi rahisi, spea bei mbaya: cha kujifunza kwanza kwenye gari lako

Mlima Kitonga, saa saba mchana. Toyota IST ya rangi ya fedha imeegeshwa pembeni, boneti juu, mvuke unafuka kwenye rejeta. Dereva amevua shati, amelikunja mara nne, amelifunika juu ya kifuniko cha rejeta na ameanza kuzungusha. Utingo wa lori lililosimama nyuma yake anaruka chini na kukimbia huku akipiga kelele: "Bosi, usifungue! Bosi, acha kwanza!"

Bosi akaacha. Akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Sasa maji nitawekaje?"

Swali hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa.

Yule bwana ana leseni. Ana bima. Alilipa mamilioni kununua gari, akalipa ushuru bandarini, akafunga redio na vioo vyeusi. Katika njia yote hiyo hakukuwa na mtu wa kumwambia kilichomo chini ya kifuniko kile: maji yaliyopita nyuzi joto 100, ambayo hayajageuka mvuke kwa sababu tu kifuniko kinayabana. Ukikilegeza, presha inashuka mara moja na maji yanalipuka kuwa mvuke palepale, usoni kwako. Shati lililokunjwa mara nne halizuii kitu.

Kujifunza ili iweje?

Masomo mengi ya ufundi wa gari yaliyojaa mtandaoni yametoka Marekani na Ulaya, na yote yamesimama juu ya hesabu moja: saa ya fundi ni ghali, kwa hiyo fanya mwenyewe uokoe pesa. Huko inalipa. Huku kwetu hesabu hiyo inayumba. Ukinunua oili na filta dukani, mara nyingi kijana wa kumwaga na kubadilisha yupo hapohapo, kwa pesa ya soda au bure kabisa. Ukianza kununua jeki, stendi, beseni na seti ya spana ili ukwepe gharama hiyo, pesa yako itarudi baada ya miaka.

Basi shaka ya mtu anayesema "mimi nina fundi wangu, ya nini nijichafue?" ina mashiko.

Ila tazama upande wa pili wa risiti. Gari linagoma kuwaka. Fundi anasema alteneta, kile kifaa kinachochaji betri, unanunua, halijapona. Anasema stata, mota ya kuwashia injini; unanunua, bado. Siku ya tatu anapita mtu mwingine, anakaza terminali ya betri, gari linawaka. Ufundi umelipa kidogo mara tatu. Spea mbili umelipa bei kamili, na kifaa cha umeme kikishafungwa kwenye gari hakuna duka la spea la Gerezani, Dar, wala la Kirinyaga Road, Nairobi, litakalokirudisha.

Pesa yetu inapotelea kwenye kubahatisha.

Ndiyo maana naona mwanafunzi wa huku aanze na kupima, halafu kufungua kuje baadaye, kama kutakuja. Mifano mingi ninayotoa hapa ni ya injini ya Toyota ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,497 iliyomo kwenye Probox, IST na jamaa zao wengi, kwa sababu barabarani zimejaa hizo. Gari lako likiwa jingine, namba zitabadilika na utazipata kwenye kitabu chake.

Maji kabla ya yote

Nimeweka maji mbele ya oili makusudi. Gari lililopitisha muda wa kubadilisha oili kwa kilomita elfu moja litakusamehe. Gari lililochemsha kwa dakika kumi huku dereva akisema "nafika tu hapo mbele" halisamehe: silinda hedi, kile kipande cha juu cha injini, ni ya aluminiamu, inapinda, gasketi inayoiziba inaungua, na hapo bili imeshatoka kwenye maelfu imeingia kwenye laki.

Ukaguzi wenyewe ni wa asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Angalia chupa ya akiba: maji yawe kati ya alama ya chini na ya juu. Kisha fungua kifuniko cha rejeta chenyewe, maana chupa inaweza kuwa imejaa na rejeta haina kitu. Rejeta inatakiwa ijae hadi shingoni. Ikiwa chupa imejaa na rejeta imepungua, mtuhumiwa wa kwanza ni kifuniko: injini inapopoa, valvu ndogo iliyo katikati yake inapaswa kufunguka ili rejeta ivute maji kutoka kwenye chupa. Ikikwama, au mpira wake ukipasuka, rejeta inavuta hewa badala ya maji.

Kigeuze kifuniko ukitazame chini. Mpira wa pembeni uwe laini, usio na nyufa wala ukoko. Vuta ile valvu ndogo kwa kucha, irudi yenyewe. Juu yake kuna namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha ambayo kifuniko kitahimili kabla ya kuachia. Kwa kifuniko cha 1.1 kilicho kizima, maji yanaweza kukaribia nyuzi 120 usawa wa bahari bila kuchemka. Kifuniko kikilegea unarudi kwenye nyuzi 100, na ukiwa Nairobi, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, una nafasi ndogo zaidi. Watu hubadilisha pampu ya maji na rejeta nzima ilhali kifuniko ndicho kilichokufa, na ni kati ya spea za bei ndogo kabisa chini ya boneti.

Baada ya kifuniko, feni. Washa injini, washa kiyoyozi: kwa gari nyingi feni ya rejeta inapaswa kuzunguka muda mfupi baadaye. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha rilei, kisha plagi ya waya kwenye mota, ndipo uitaje mota yenyewe. Dalili ya feni mbovu inajulikana: gari linapoa likiwa barabara kuu na linapanda joto kwenye foleni, kwa sababu kwenye mwendo upepo unafanya kazi ya feni. Likifanya kinyume chake, yaani foleni salama na mlimani linachemsha, shuku rejeta iliyoziba, pampu iliyochoka au maji machache.

Hapa kuna desturi moja ya gereji zetu inayohitaji kusemwa waziwazi: kutoa thamostati. Gari likichemsha, fundi anaing'oa na kuitupa. "Hiyo ni ya nchi za baridi, huku haina kazi." Gari linatulia kwa muda, mteja anafurahi, kila mtu anaamini.

Thamostati ndiyo inayoamua lini maji yapite kwenye rejeta. Kwenye injini hii huanza kufunguka karibu na nyuzi 80 hadi 84. Ukiitoa, injini inachelewa kufikia joto lake la kazi, na katika safari fupi huenda isilifikie kabisa. Sensa ya joto inaiambia kompyuta kwamba injini bado baridi, kompyuta inaongeza petroli, na wewe unabaki kulalamika kwamba gari limeanza kunywa mafuta. Tena kwenye baadhi ya injini thamostati hiyohiyo, ikifunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiiondoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji haifiki kupozwa. Isitoshe, chanzo halisi cha kuchemsha bado kipo, kimefichwa tu.

Kuipima hakuhitaji mashine. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, bandika jikoni. Imegongwa namba juu yake, tuseme 82. Maji yakikaribia hapo lazima uone inaanza kuachia, na kufikia nyuzi 95 hivi iwe imefunguka waziwazi, milimita 8 au zaidi. Isipofunguka ni mbovu. Ikiwa imefunguka hata kabla hujaiweka jikoni, nayo ni mbovu, ila kwa upande wa pili.

Jambo la mwisho kwenye maji ni maji yenyewe. Ya bomba yana chumvi, na kisima ndiyo usiseme. Yanaacha ukoko ndani ya mirija ya rejeta na yanaleta kutu. Kulanti, kile kimiminika cha rangi cha kupozea injini, inapandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Kama ni ya kuchanganya, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi. Ukimwaga na kujaza upya, ondoa hewa: kifuniko wazi, hita ya ndani kwenye joto la juu, injini ikinguruma taratibu hadi feni iwake na kuzima, huku unaongeza kadiri maji yanavyoshuka. Hewa iliyobaki ndani hutengeneza mfuko juu ya hedi, na gari litachemsha siku hiyohiyo uliyolihudumia. Fundi atalaumiwa bure.

Likichemsha njiani

Zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu zote (ndiyo, utaloa jasho), tafuta pa kusimama.

Mvuke ukitoka, zima injini.

Subiri. Nusu saa ni ya chini kabisa. Bonyeza mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa: ukiwa mgumu, presha bado ipo, ondoka. Ukilainika na kifuniko kikawa cha kushikika kwa mkono mtupu, zungusha hadi kituo cha kwanza, acha kipumue, ndipo ufungue. Ongeza maji kidogo kidogo. Maji ya baridi yakimiminwa kwa mkupuo kwenye injini ya moto yanapasua hedi au bloku, na hapo hujaokoa gari, umelimalizia.

Kabla ya kuendelea na safari, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia humo na gari halitembei tena hadi livutwe. Mapovu yanayokuja mfululizo kwenye rejeta injini ikiwaka, moshi mweupe usioisha hata injini ikipata joto, na maji yanayopungua bila tone kuonekana chini: vyote vinaelekeza kwenye gasketi ya hedi.

Oili

Kupima: gari mahali tambarare, injini imezimwa kama dakika tano, kijiti kichomolewe, kifutwe, kirudishwe hadi mwisho, kichomolewe tena. Alama ya mara ya kwanza haina maana, kwa sababu oili imetapakaa kwenye bomba lake. Kuwa nyeusi peke yake si ugonjwa. Oili inayosafisha lazima ichafuke. Kupungua ndiko kunakoua.

Injini ya 1NZ-FE inachukua kama lita 3.7 ukibadilisha na filta. Duka linakuuzia galoni ya lita 4, kijana anamimina yote, na oili inavuka alama ya juu. Tofauti ni ndogo, lakini mazoea ya "mimina yote, umeshalipia" kwenye injini yenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) ndogo zaidi yanaleta povu, na povu halilainishi vyuma. Mimina lita 3.5, washa dakika moja, zima, subiri, pima, ongeza.

Kumwaga kwenyewe ni spana namba 14 chini ya sampu, injini ikiwa na uvuguvugu. Mambo mawili ndiyo huharibu kazi hii. La kwanza ni nguvu: nati ya kumwagia oili hukazwa kwa takribani Nm 37 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na sampu ikishaliwa nyuzi unatafuta mchomeleaji au sampu nyingine. Weka wosha mpya, kaza kwa mkono hadi iguse, kisha vuta spana fupi mara moja kwa nguvu ya kawaida. La pili ni mpira wa filta ya zamani. Wakati mwingine hubaki umeng'ang'ania kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake, mipira inakuwa miwili, na kilomita chache mbele oili yote inamwagika barabarani. Pitisha kidole pale kabla ya kufunga. Paka oili kwenye mpira mpya, zungusha kwa mkono hadi uguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia. Kufunga tumia mkono.

Mjadala wa oili nyepesi na nzito hautaisha leo. Kitabu cha injini hii kinataja 5W-30. Mafundi wengi wanaweka 20W-50 kwa hoja kwamba gari limetembea sana na nchi yetu ni ya joto. Hoja yao ina chembe ya ukweli kwa injini iliyochakaa inayokula oili, maana oili nzito haipenyi kirahisi kwenye ringi zilizochoka. Lakini VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, inasukumwa na oili kupitia njia nyembamba, na asubuhi oili nzito inachelewa kufika juu. Kwa injini nzima sioni sababu ya kukiacha kitabu. Kwa injini inayokula oili, oili nzito inakununulia muda, na ni vizuri kujua kwamba ni muda tu ulionunua.

Oili chafu usiimwage mtaroni. Mwenye gereji ataipokea, na mwenye mbao za kuzuia mchwa ataiomba.

Umeme: kabla ya kuitaja alteneta

Kifaa cha kwanza cha kununua, kabla hata ya spana, ni maltimita, kipimo cha umeme. Ya bei ya chini inatosha. Iweke kwenye volti za DC, 20, kisha soma betri.

Gari limelala usiku kucha: 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 imeisha. Mtu apige stata huku unasoma: ikishuka chini ya 9.6 na ilikuwa imejaa, betri imechoka. Gari likiwaka: kati ya 13.8 na 14.5, alteneta inachaji. Ikibaki kwenye 12 na ushee hata ukikanyaga mafuta kidogo, hapo una haki ya kuitaja alteneta, baada ya kuangalia mkanda na fyuzi zake.

Sasa kile kipimo ambacho kingemwokoa yule aliyenunua stata bure. Weka ncha moja ya maltimita juu ya nguzo ya betri yenyewe, ile risasi, na ncha nyingine juu ya terminali iliyoibana. Vinagusana, kwa hiyo hakupaswi kuwa na tofauti. Mtu apige stata. Ukisoma sifuri au karibu na sifuri, kiungo ni kizima. Ukisoma nusu volti au zaidi, umeme unakwama hapo, kwenye ule unga mweupe au wa kijani usioonekana kwa juu. Spana namba 10, maji ya moto yenye bekingi soda, brashi ya waya, kausha, kaza, paka grisi.

Hakuna spea iliyonunuliwa.

Kufungua betri anza na hasi, kufunga malizia na hasi. Bodi yote ya gari ni hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, unapata cheche na spana nyekundu mkononi. Na fyuzi ikiungua, weka ya ampea zilezile: nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20. Fyuzi kubwa au waya uliosokotwa badala yake hauondoi hitilafu. Unahamisha moto kutoka kwenye fyuzi kuupeleka kwenye nyaya zilizo nyuma ya dashibodi.

Gari linamisi

Hapa ndipo kubahatisha kunakula pesa kuliko mahali pote, na ndipo kipimo kizuri kuliko vyote kinapopatikana, tena bila kununua kitu.

Gari linamisi pale silinda moja inapoacha kufanya kazi na injini inatetemeka. Injini hii ina koili nne, vifaa vya kuipa plagi umeme wa cheche, moja juu ya kila plagi, kila moja na bolti ya namba 10. Gari likitetemeka, washa, liache lingurume, chomoa soketi ya koili moja, sikiliza, rudisha, nenda ya pili. Shika plastiki ya soketi tu, na usiache imechomoka muda mrefu, maana petroli isiyoungua inakwenda kuunguza kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Ukichomoa na mtetemo ukaongezeka, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na kusibadilike kitu, umeipata mgonjwa. Tuseme ni namba 2, ukihesabu kuanzia upande wa mkanda.

Wengi huishia hapo na kukimbilia dukani kununua koili. Subiri. Zima injini, hamisha koili ya namba 2 uipeleke namba 3, ya namba 3 uilete namba 2. Washa. Rudia kipimo. Mgonjwa akihamia namba 3, koili ni mbovu, nunua. Mgonjwa akibaki namba 2, koili ni nzima. Sasa hamisha plagi kwa mtindo huohuo, safari hii injini ikiwa imepoa. Mgonjwa akibaki palepale baada ya plagi kuhama, tatizo liko kwenye nozeli inayopulizia petroli, waya au kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), na hapo ndipo pa kumkabidhi fundi kazi. Lakini unamkabidhi ikiwa imepungua nusu.

Plagi yenyewe ukiitoa inakueleza habari. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi ya masizi makavu ni petroli nyingi au moto dhaifu. Iliyolowa oili ni ringi au sili za valvu. Nyeupe iliyoungua ni joto kali au petroli chache. Kuifunga: anza kwa vidole, ukitumia soketi namba 16 bila mpini, hadi ikae. Ikikataa, rudi nyuma uanze upya. Ukiilazimisha kwa mpini unakata nyuzi za aluminiamu. Kukaza ni Nm 18, kiasi kidogo kuliko ambavyo mkono wenye hasira unadhani. Pengo la plagi ya kawaida ya injini hii ni milimita 1.1.

Mahali pa kuogopa

Jeki ni ya kuinulia. Haijatengenezwa kushikilia gari mtu akiwa chini. Kama huna stendi mbili za chuma, kazi yoyote ya uvunguni mwachie mwenye shimo au lifti. Tofali la saruji halifai kuwa stendi hata likiwa jipya: linapasuka ghafla, bila kuonya. Tairi la mshazari lizuiwe, breki ya mkono ivutwe, nati zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini. Kufunga tairi ni kwa kurukia upande wa pili kila mara, soketi namba 21, Nm 103 kwa rimu nyingi za Toyota ndogo, na kukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Breki: kuangalia ni kwako, kufungua si kwako bado. Tochi kati ya rimu itakuonyesha unene wa pedi. Ukibaki milimita 3, nunua. Ukifika 1, umechelewa. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya, inayochemka kwenye nyuzi 205 inashuka hadi 140 ikishalowa, jambo ambalo hutaligundua mjini ila kwenye mteremko mrefu pedali ikiingia hadi chini. Siku fundi anapobadilisha pedi, simama umwangalie mambo mawili: kalipa, kile kibanio cha pedi, isining'inie kwa mpira wake, na pedali ipampuliwe hadi iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja.

Kwenda kwa fundi ukiwa na kitu mkononi

Mtu akifika gereji na kusema "nibadilishie pampu ya maji," fundi atabadilisha pampu ya maji. Umeagiza, amekuletea. Ugonjwa ukibaki, kosa ni la nani?

Peleka dalili. "Linapanda joto kwenye foleni tu, barabara kuu halina neno, feni sijaisikia ikiwaka, kifuniko nimekikagua." Sentensi hiyo inamwambia fundi aanzie wapi, na pia kwamba hawezi kukuuzia rejeta kabla ya kugusa feni. Fundi mzuri ataifurahia. Anayenuna amekupa taarifa nyingine muhimu.

Spea nenda na ya zamani mkononi, pamoja na namba ya chesesi iliyoandikwa kwenye kibati ndani ya boneti. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Zao huanza na modeli, kama NCP61, kisha kistari na namba. Ukitaja "IST ya 2004" peke yake utauziwa kitu cha IST fulani, maana zilikuja na injini ya 1.3 na ya 1.5, na zenye kuendeshwa kwa matairi manne pia. Kwa oili ya gia boksi usikubali kukisia hata kidogo: ya otomatiki ya kawaida na ya CVT hazibadilishani, na kosa la chupa moja linaua boksi zima.

Kati ya koili mpya ya bei ya kutupa na koili ya mtumba iliyong'olewa kwenye gari la Japani, mimi ningechukua ya mtumba, ijaribiwe hapohapo. Kwa pedi, filta na mikanda, mtumba hapana.

Anayetaka kwenda mbali zaidi ana vyuo vya ufundi stadi vya VETA upande wa Tanzania, ambako kozi za ufundi wa magari zipo. Lakini kwa mtu mwenye kazi yake na gari moja, njia fupi ni Jumamosi chache gerejini kwa fundi unayemwamini, umeshika tochi, unauliza. Wengi hukubali ukiomba mapema na kufika asubuhi kabla kazi hazijawabana. Pesa ya ufundi ulipe kamili; usije ukaomba punguzo eti kwa sababu ulishika tochi.